Msokoto

Wadi Kabir, saa nne asubuhi, bati la gereji limeshaanza kulia.
Delwar ameifunga pikipiki ya kaka kwa mikanda minne
kama mbuzi wa Idi,
gurudumu la nyuma juu ya pipa la chuma.
Anafungua mafuta. Pipa linazunguka.
Mashine inachora mstari,
na mimi namwona Yaarub mzima mzima kwenye karatasi.

Huyu hapa: elfu mbili kimya, elfu nne kimya,
unamsemesha, hajibu,
elfu sita anaguna,
elfu nane, haya, shika ukuta!
Mlima mmoja mkali pembezoni mwa karatasi,
kisha poromoko.
Ndivyo alivyotulea baba alipoondoka. Ndivyo alivyooa, mara zote mbili.
Ndivyo alivyoniuzia chombo hiki kwa riali mia nne
huku akiapa hakijawahi kuanguka.

"Unataka mstari gani?"
Delwar ananiuliza kwa Kiarabu chake cha gereji,
kisicho na wakati uliopita.
Sikujua kwamba mtu huulizwa.
Nilidhani nguvu hupewa tu,
ukabaki kuing'ang'ania.

Mama alikuwa akisokota uzi wa kofia, kule Seeb,
akiulaza juu ya paja, kiganja kikipita,
na kiganja hakikuongeza kasi wala hakikupunguza.
"Ukingoja mwisho ndiyo uvute kwa pupa,
uzi utakuonyesha meno."

Nikamwambia Delwar: nakaa Amerat.
Kazi yangu Al Khuwair, maabara ya damu, zamu ya usiku.
Katikati kuna Akaba ya Bawshar.
Nina miaka arobaini na saba na goti moja la kutegemewa.
Akaandika "goti" juu ya boksi la plagi.

Wiki iliyopita, kona ya tatu ya kupanda,
nilikuwa nyuma ya gari la maji,
lami imelowa, inanuka kama mtungi mpya,
gia ya tatu, elfu tatu,
nikaomba nguvu kidogo tu, ya kupita.
Injini ikanitazama kama karani
aliyebakiwa na dakika tano kufunga dirisha.
Nikashusha gia. Nikaongeza.
Ikaja yote kwa mpigo,
gurudumu la mbele likaaga lami
na moyo wangu ukatangulia kufika Bawshar.

Basi nataka meza, nikasema.
Elfu mbili na nusu iwe imeshavaa viatu.
Ilale vivyo hivyo, isinishtue, isininunie,
nikigusa ije, nikiacha irudi.
"Juu utapoteza farasi kumi," Delwar akasema.
Farasi hao sijawahi kuwaona
ila katika masimulizi ya Yaarub.

Siku tatu. Akarefusha koo la hewa,
akabadilisha kamshafti, akatoa ile paipu ya kelele
akaitundika ukutani karibu na kalenda ya mwaka juzi.
Akakaa na kompyuta yake iliyopasuka kioo
akisogeza namba moja, anasikiliza, anairudisha,
chai ya maziwa ikiganda utando.

Karatasi ya pili ilikuwa tambarare
kama Barr al-Hikman maji yakitoka.
Isipokuwa hapa, elfu sita na mia tano,
palikuwa na kinundu.
Kidogo. Kama mtu aliyejificha chini ya shuka.

"Hiki nini?"
"Cha Ijumaa."

Sikumwambia neno juu ya Ijumaa.
Sikumtajia barabara ya Quriyat,
alfajiri, wakati polisi bado wanatafuta miwani yao.
Akanionyesha tairi kwa bisibisi:
limelika pembeni, kulia na kushoto.
Njia ya kazini haili tairi pembeni, dada.

Usiku Yaarub akapiga simu. "Umeiua?"
Akataka aone mchoro.
Nikaupiga picha juu ya meza ya jikoni, nikamtumia,
kidole gumba kikiwa juu ya kinundu.